Mashine Iliyoganda Sebuleni Kwangu Mtopanga

Hebu niambie, wewe uliyekaa hapo na kikombe chako: umewahi kuwasha kitu kikawaka, kikanguruma, kikaanza kukusemesha vizuri, kisha katikati ya neno kikanyamaza na kukukodolea macho kama mkwe aliyenuna? Hujawahi? Basi ongeza chai, maana mie nimewahi, na kitu chenyewe kilikaa juu ya meza yangu ya sebuleni, juu ya kitambaa changu cha kufuma, na watu wa nyumba hii na wa jirani wote wakaniambia nikitupe. Sikukitupa. Mie ukiniambia tupa, ndipo nashika.

Skuli nilikwenda kidogo tu. Kurani nilisoma chuoni nikahitimu, lakini herufi za kizungu nazijua zile za jina langu, basi. Kwa hivyo usije ukanisahihisha majina ya vitu. Nakwambia nilivyoona na nilivyoelezwa, na wallahi niliuliza mpaka wakachoka na mie.

Ilikuwa ile miaka ya tisini yaishia. Nakaa hapa hapa Mtopanga, nyumba hii hii, ila wakati huo upande mmoja ulikuwa bati na upande mmoja makuti. Nilikuwa na mjukuu wangu wa kike, binti wa binti yangu. Mamake alitangulia mbele ya haki mtoto yungali mdogo, nikamlea mie. Alikuwa kamaliza kidato cha nne, kapita vizuri, na kazi hakuna. Na mtoto ana mikono isiyotulia huyo! Redio ikikoroma, yeye kashaifungua mgongo. Pasi ikikataa kupata moto, yeye kashachomoa waya. Mie namuacha. Majirani wakisema, "Mtoto wa kike na bisibisi?" nawajibu, "Na wako wa kiume ana nini mkononi? Sigara."

Sasa mwanangu, mjombake huyu binti, alikuwa akifanya kazi bandarini, na ana watoto wake tele wa kulisha. Si mtu mbaya, usimuwekee kinyongo. Lakini siku moja akanijia na mama mmoja kavaa buibui jipya, anukia udi mpaka paka wangu akapiga chafya. Wakala huyo. Kazi yake kupeleka wasichana Uarabuni wakawe watumishi wa majumbani. Akakaa kwenye mkeka wangu, akanywa chai yangu, kisha akamshika mjukuu wangu kiganja, akakigeuza huku na huku kama anayechagua mbuzi wa Idi.

"Mkono laini huu," akasema. "Lakini utazoea sufuria."

Binti akavuta mkono wake. Aliinama tu, na nikaona chozi limedondoka kwenye sinia ya vikombe. Hilo chozi ndilo lililonipandisha. Yule mama hajafika hata barabarani, mie nishamgeukia mwanangu.

"Wewe! Umeniletea nini nyumbani mwangu?"

"Mama, ni riziki ile. Pasipoti ishatoka. Nyumba nzuri, watu wa dini."

"Watu wa dini hata hapa wako. Haendi."

"Basi atafanya nini? Akae hapa afungue redio za watu mpaka azeeke?"

"Azeeke! Mie nimezeeka, nimekufa?"

Akacheka, maana hana dawa na mie toka yu mdogo. Lakini hakurudi nyuma. Pasipoti yeye ndiye kaishika, kwenye mfuko wa kanzu yake, na wakala angerudi Ijumaa baada ya sala kuichukua. "Nisikilize, Mama," akaniambia. "Akipata kazi ya kueleweka kabla ya Ijumaa, mie sina neno, atakaa. Akikosa, atakwenda. Hapa hapa mbele yako nasema."

"Sawa," nikamwambia. "Na mie hapa hapa mbele yako nasema, atapata."

Sikuwa najua atapata wapi. Nilisema tu. Maneno mengine yatoka kwanza, akili yafuata nyuma ikikimbia.

Kesho yake binti akanijia na habari. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kompyuta, mtu wa bara, Mkristo, kijana mpole, mwenye chumba cha kufundishia kule Frere Town. Mjukuu wangu alisoma kwake, mie nikimpeleka na kukaa pale mlangoni mpaka amalize, na mashine zikiharibika ndiye aliyekuwa akimsaidia kuzifungua. Sasa huyu mwalimu alikuwa kapewa kompyuta kuukuu na ofisi moja ya mizigo ya Changamwe, zile za kukunja, wenyewe waziita laptopu. Zimelala stoo mpaka buibui wametaga ndani. Usizifikirie hizi za leo nyembamba kama kitabu cha chuo. Zile zilikuwa nzito, ukiiweka mapajani huinuki.

Mwalimu nia yake ilikuwa afungue darasa la wasichana hapa Mtopanga. Kina mama wa hapa walikuwa hawakubali binti zao wajifungie chumbani na mwalimu mwanamume, na mie nilikuwa mmoja wao, sifichi. Kwa hivyo alitaka mwalimu wa kike. Akamwambia mjukuu wangu: ukiiweza moja ya mashine hizi ikawaka na kufanya kazi, utaziweza zote, na darasa ni lako.

Tatizo lenyewe lilikuwa hivi. Zile mashine zilikuwa tupu, hazina kitu kichwani. Programu za dukani ni ghali. Lakini kuna nyingine iitwayo Linux, ambayo watu wameitengeneza kwa mikono yao wakaiachia dunia.

Mwalimu alipokuja kutuletea mashine nikamwuliza mlangoni kabla hata hajakaa. "Hiyo Linux ni halali? Isije ikawa ya wizi, mie nyumba yangu yasaliwa."

"Ni halali, Mama. Wenyewe wamesema mtu yeyote achukue, na ampe mwenzake."

"Kama maji ya sabili pale msikitini?"

Akafikiri kidogo. "Nafikiri ndiyo, Mama. Kama hayo maji."

"Basi ingia. Karibu chai."

Akaiweka mashine mezani. Linux yenyewe ilikuwa imo kwenye diski bapa nyeusi, rundo zima, kazitia ndani ya kopo la biskuti. Zaingizwa moja baada ya moja ubavuni, mashine yazimeza, mpaka iwe imeshiba. Na kabla hajaondoka akamkabidhi mjukuu wangu zawadi: kikadi cha chuma, bapa, chatosha kiganjani, cha kuchomekwa kwenye upenyo wa upande wa pili. Akasema siku moja kwa kikadi hicho mashine itaunganishwa na simu, ipate barua kutoka nchi za mbali. Mtoto alifurahi! Akakichomeka pale pale, mwalimu anamtazama. Kikumbuke hicho kikadi.

Basi wakaiwasha. Ikanguruma. Maandishi meupe yakaanza kuteremka kwenye kioo cheusi, mbio, kama mchele umiminwao kwenye ungo. Mie nikapiga kigelegele, nikidhani ndiyo hivyo, kazi imekwisha. Kigelegele hakijaisha, maandishi yakasimama. Kimya. Mtoto akabonyeza huku, akabonyeza kule. Hakuna.

"Imeganda," akasema mwalimu.

"Ndiyo maana ofisi iliitupa," nikasikia sauti dirishani. Jirani yangu huyo, shoga yangu wa miaka, macho yake makazi yake dirishani kwangu. "Shoga, hicho kitu kina wenyewe. Kimekaa stoo gizani, lazima kimeingiliwa."

"Kimeingiliwa na nani, na mlango ulikuwa una kufuli?"

"Haya, beza." Akaondoka, kidogo akarudi na chetezo, makaa yamewaka, ubani wafuka, moja kwa moja mpaka mezani. Akaanza kukizungushia moshi kile chombo. Mjukuu wangu akaruka: "Nyanya! Moshi utaingia kwenye matundu!" Nikamshika shoga yangu mkono, nikamtoa nje na chetezo chake. Akaapa hatanisemesha. Baada ya alasiri alikuja kuomba chumvi.

Siku ile ikapita hivyo. Wawasha, yaganda. Wazima, wawasha, yaganda pale pale. Mwanangu akapita jioni, akaiona imekodoa, akasema, "Mama, chuma kimekufa hicho. Muache mtoto atayarishe sanduku lake." Nikamwambia sanduku langu analijua lilipo, alitayarishe yeye aende yeye.

Lakini mtoto hakulia tena, na hilo ndilo lililonipa moyo. Alikaa anaitazama. Kesho yake mwalimu alipokuja, akamwambia: "Mwalimu, kila mara yasimama kwenye neno lile lile. Neno la mwisho likiwa pale kwenye kioo, si ndilo lililoikwamisha?"

Mwalimu akainama akalisoma, akafungua makaratasi yake, wakasomeana kizungu wee, mie nakaanga mahamri. Kisha binti akaja jikoni kunieleza. Ati mashine ina tabia hii: ikikosa kazi hata kwa nukta moja, yasinzia, kupunguza moto. Mashine nyingi zasinzia na kuamka. Hii ni mbovu hapo. Linux inapoijaribu tu kama yajua kusinzia, yalala, na ikilala haiamki.

"Kama mjombako baada ya pilau," nikasema.

"Ndiyo, Nyanya. Sasa twataka kuiandikia neno mapema, kabla haijaanza, kuiambia isilale kabisa."

"Iandikie. Tena na mjombako muandikie lake."

Wakaiandikia. Na wallahi ikapita! Pale iliposimama siku zote ikapita kama hapana kitu, maandishi yakateremka, tukaangaliana. Nikaingia na kigelegele kingine. Ikaomba diski, ikapewa, ikaomba nyingine, ikapewa. Halafu ikaanza kutazama vitu vyake vya mwilini, kimoja kimoja, sauti yake, milango yake, na katikati ikaganda tena. Tuf!

Sasa mara hii neno la mwisho lilikuwa la ile sehemu ya kutoa sauti. Wakaizima sauti. Kumbe mashine ina ukurasa wake wa ndani, ukiwahi kubonyeza kabla haijaamka wafunguka, waweza kuzima hiki na kile. Wakazima sauti, ikaganda. Wakairudisha sauti wakazima mlango wa printa, ikaganda. Wakarudisha wa printa wakazima kingine. Na stima nayo yatuchezea, yaondoka katikati, na betri ya mashine ilishakufa zamani, kwa hivyo kila stima ikienda waanza upya na diski ya kwanza. Mpaka Alhamisi asubuhi bado wapo hapo hapo. Mwalimu uso umemnyong'onyea. Mtoto halii wala hali chakula. Na kesho yake ni Ijumaa.

Hapa ndipo nikwambie kuhusu vugo, maana wewe ni wa juzi, labda hukulikuta.

Vugo ni pembe. Wanawake twashika pembe, kila mmoja na yake, twapiga kwa vijiti, twaimba, twamtoa bi harusi. Mie nimeanza vugo kwetu Likoni kabla sijaolewa kuja huku, na hapa Mtopanga nilikuwa ndiye wa mbele. Jumamosi ile kulikuwa na harusi, kwa hivyo Alhamisi baada ya adhuhuri wenzangu wakaja uani kwangu kujifunza. Mwalimu wa watu akatoka akakaa baraza ya nje, maana vugo si la wanaume, na mjukuu wangu akabaki peke yake sebuleni na mashine yake iliyonuna.

Tukaanza. Pembe zikagongana vibaya. Mmoja wetu alikuwa akituvuruga, lakini pembe zikilia zote pamoja huwezi kujua ni nani. Huyu amtazama yule, yule amtazama huyu. Nikapaza sauti: "Zote zinyamaze! Kila mtu aweke kijiti chini!" Zikanyamaza. "Sasa nianze mie peke yangu. Wewe ingia. Vizuri. Na wewe ingia." Moja moja hivyo, mpaka alipoingia shoga yangu wa chetezo, mambo yakavurugika.

"Ala! Kumbe ni wewe?"

"Mie? Pembe yangu imepata maji!"

"Na wewe imekuingia nini, ubani?"

Tukacheka mpaka tukalia. Nikageuka, nikamwona mjukuu wangu kasimama mlangoni, macho kayatoa.

"Nyanya, sisi tulikuwa tukizima kimoja na kuviacha vyengine vyote vyalia."

"Eh?"

"Twazima kimoja, twakirudisha, twazima kingine. Hatujavinyamazisha vyote pamoja." Akarudi ndani mbio.

Sisi tukaendelea. Hata wimbo haujaisha akatoka tena, mikono kichwani. "Nyanya, nimezima vyote. Sauti, printa, vyote. Bado yaganda."

"Vyote?"

"Vyote."

Nikaweka pembe yangu chini nikaingia. Mie sijui kizungu cha ndani ya kioo, lakini macho ninayo. Nikaizunguka ile meza. Ubavuni naona kimechungulia kitu.

"Na hiki?"

Akakifunika kwa kiganja. "Hicho ni zawadi ya mwalimu."

Hapo nikaelewa yote, na nikashindwa nicheke au nijipige kofi. Mtoto huyo nani kamlea? Si mie? Mie ndiye niliyemfunza: mtu akikupa kanga, siku akija kukutembelea ujifunge ile kanga aione. Akikupa bangili, usiivue mbele yake. Kuvua zawadi mbele ya aliyekupa ni kumwambia zawadi yako si kitu. Na mwalimu kila siku yuko pale, amekaa, atazama. Basi mtoto alizima kila kitu cha mashine isipokuwa kikadi cha zawadi. Hata haikumpitia akilini kukitoa. Kwake hakikuwa kitu cha mashine, kilikuwa heshima ya mtu. Na mwalimu naye hakukitaja. Mtu aliyetoa zawadi hasemi, hebu ivue.

Nikamwambia, "Kitoe."

"Nyanya, atajisikia vibaya. Yuko hapo nje."

"Wewe wajua mie nilimfanyia nini shangazi wa bi harusi kule Likoni?"

"La."

"Alituletea pembe ya zawadi, ina pete ya fedha, yang'ara. Tukapiga, mambo yakaharibika. Tulisakamana wenyewe kwa wenyewe, nyamaza wewe, nyamaza wewe, na pembe ya zawadi hakuna anayeigusa, kwa sababu mwenyewe kakaa pale kwenye kiti. Nikasimama, msichana mdogo mie, nikasema, na hiyo yenye pete inyamaze pia. Ilikuwa ni hiyo hiyo."

"Akakasirika?"

"Alinuna mpaka harusi ikaisha. Sasa nijibu: wataka kwenda Uarabuni ukasugue sufuria za watu kwa ajili ya adabu?"

Mtoto akanitazama. Sijawahi kumfunza kukosa adabu, siku ile ndiyo nilimfunza. Akanyoosha mkono, lakini hakukitoa. Alikwenda kwanza mlangoni akaita, "Mwalimu, samahani, njoo." Mwalimu akapiga hodi, kina mama wakajifunika kanga, akaingia. Na mtoto akakichomoa kile kikadi mbele yake, akakishika kwa mikono miwili, akamwambia, "Nimekitoa kidogo tu. Usinione sina shukurani."

Mwalimu akakitazama, akaangua kicheko. "Hii? Niliikuta kwenye droo pamoja na hizo mashine! Sijui hata kama inafanya kazi. Kwa nini hukuitoa siku ya kwanza?"

"Na wewe," nikamwambia, "kwa nini hukumwambia aitoe?"

Akajikuna shingo. "Nilimpa, Mama. Singeweza kumwambia."

"Haya, wote wawili mna adabu, na mashine imeganda. Washa."

Akawasha. Kina mama na pembe zao wakajazana mlangoni, shoga yangu kaenda dirishani kwangu kama kawaida. Maandishi yakateremka. Neno la kutolala likapita. Ikafika pale kwenye kutazama mwili wake, ikaangalia, ikaangalia, nikashika kifua. Ikapita. Ikaomba diski! Mtoto akaipa. Ikaomba nyingine. Mara hii sikupiga kigelegele, nilishajifunza. Nilisimama naisomea stima Yaasin isiondoke. Kopo la biskuti likaisha, diski ya mwisho ikaingia, na jua lachwea ikatuambia tuizime na kuiwasha yenyewe, bila diski, kwa nguvu zake. Ikawaka. Ikasimama ikingoja jina la mwenye kuitumia. Hapo ndipo kina mama walipopiga vugo ndani ya sebule yangu, zote kwa pamoja, hata ile ya maji, na mwalimu wa watu kaziba masikio acheka.

Ijumaa baada ya sala mwanangu akaja na wakala wake. Nimetandika kitambaa kipya, mashine i juu yake, kifuniko kimefungwa kama sahani ya mgeni. Mwalimu kakaa kwenye kigoda. Mjukuu wangu kavaa kanzu yake ya Idi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Haya, ipo kazi au haipo?"

Binti akasogea mezani. Alifunua, akawasha. Ikanguruma, maandishi yakaanza kuteremka, na mwanangu akakunja mikono akingoja isimame. Ikafika pahala ikafanya kigugumizi kidogo, nikaona mdomo wake wataka kucheka. Ikaendelea. Ikauliza jina. Mtoto akaandika jina lake, ikamkubali. Akaandika barua pale pale, ya kumshukuru mjomba wake kwa kumngoja mpaka Ijumaa, akamsomea. Mwanangu akaomba asomewe tena.

Mwalimu akasema, "Darasa linaanza Jumatatu. Yeye ndiye mwalimu. Zile mashine nyingine zinamngoja."

Wakala akasonya. "Kazi gani hii, kukaa kutazama kioo?"

"Na yako ni gani," nikamwuliza, "kukaa kutazama viganja vya watoto wa watu?"

"Mama!" akasema mwanangu.

"Usiniite Mama. Leta pasipoti."

"Mama, ngoja kwanza tuzungumze..."

"Ulisema hapa hapa mbele yangu. Akipata kazi huna neno. Sasa neno unalo la nini? Leta."

Nikanyoosha mkono na sikuushusha. Wakala amtazama, mwalimu atazama chini, shoga yangu dirishani kaacha hata kutafuna. Mwanangu akatia mkono kwenye mfuko wa kanzu, akaitoa, akaiweka kiganjani mwangu. Nikaifunga kwenye pindo la kanga yangu, fundo mara mbili. Wakala sikumtukana, nilimtilia mahamri kwenye karatasi ale njiani, akaondoka. Mwanangu alibaki. Alivuta kiti karibu na mashine, akamwambia mpwa wake, polepole, "Hebu andika na jina langu nione."

Darasa likafunguliwa. Wasichana wa Mtopanga walijaa mpaka wakakaa wawili wawili. Kila mashine ilikuwa na ugonjwa wake, nyengine yaganda kwa hili, nyengine kwa lile, na mjukuu wangu dawa yake ikawa moja: nyamazisha zote, kisha ziingie moja moja. Kile kikadi cha zawadi alikirudisha baadaye, wakati mashine ishashiba, akaiandikia mashine ni wapi isiguse, na kikatulia. Yaani hakikuwa kibaya, kilikuwa kimeingia kabla ya zamu yake.

Wapo waliosema. Hapa watu hawakosi la kusema. Ati nimemharibu mtoto, ati mwanamke mwenye mashine haolewi, ati atakayemchukua lazima kwanza amtoe kwenye mawaya. Siku moja nikarudi nayo hayo maneno kutoka kisimani, nimekasirika, namkuta kaifungua laptopu mgongo sakafuni, bisibisi mdomoni.

"We binti!"

"Abee, Nyanya."

"Mie nimegombana na mwanangu kwa ajili yako. Nimegombana na wakala, nimegombana na shoga yangu, na shangazi wa watu Likoni bado hajanisamehe. Akija bwana kesho akakwambia chagua, mie au hilo dude, utafanyaje?"

Akatoa bisibisi mdomoni. Akaniangalia, hacheki.

"Nyanya, nakuahidi, wallahi. Atakayekuja kunioa, tukiona nyumba imeganda, nitanyamazisha vyote nivirudishe kimoja kimoja. Na ikiwa ni yeye aliyetuvuruga, atatoka yeye, mashine itabaki."